Ushauri wa kozi za takwimu, steshenari ya karibu na stendi, Moshi

Nilimpeleka binti wa dada yangu, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na hesabu anaziweza hasa. Kijana wa pale hakukimbilia kujaza maombi ya chuo. Aligeuza karatasi, akapiga mstari katikati. Kushoto takwimu: kukusanya na kuchambua data, kuanzia sensa hadi utafiti wa mazao. Kulia takwimu bima: uwezekano, riba, vifo na magonjwa, ili kampuni ya bima au mfuko wa pensheni ujue utoze kiasi gani leo uweze kulipa madai miaka ijayo. Mtoto akakaa sawa kwenye kiti.

Vyuo akataja Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na Chuo cha Takwimu, Changanyikeni. Kilichonifurahisha zaidi, alisema wazi kuwa digrii peke yake haikufanyi mtaalamu kamili wa takwimu bima. Kuna mitihani ya bodi za Uingereza au Marekani, na ada zake si mchezo. Wengi hilo hawakwambii.

Ubaya ni foleni na printa inayokwama. "Mama, rudi saa kumi," na jua lile! Risiti pia mpaka udai. Ila kwa ushauri nendeni, na mwombeni afungue mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, siyo ule uliochakaa mezani.