Kanisa Kuu Katoliki la Liverpool: ingia ndani kwanza

Usilihukumu kwa nje. Ukilitazama toka barabarani, Kanisa Kuu la Kristo Mfalme ni hema la zege lililovikwa taji, na wenyeji wanalitania hivyo hivyo. Mimi nimekulia kwenye makanisa ya wamisionari, yale marefu ya mawe, ambako ukichelewa misa unaambulia visogo vya watu.

Hapa hakuna nyuma. Altare, pande moja la marumaru nyeupe la tani 19 lililotoka Skopje, Makedonia, iko katikati kabisa na mabenchi yanaizunguka pande zote. Wakati wa Baba Yetu nilikuwa natazamana na bibi mmoja upande wa pili, naye akitabasamu. Frederick Gibberd ndiye aliyelichora. Ujenzi ulianza Oktoba 1962, mwezi ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, ulipofunguliwa Roma, na kanisa likatabarukiwa siku ya Pentekoste, 14 Mei 1967. Miaka mitano tu! Kwetu parokia nyingine humaliza huo muda bado zinachangishana mabati.

Sasa inua macho. Mnara ulio juu ya altare umejaa vioo vya John Piper na Patrick Reyntiens: njano, bluu na nyekundu, rangi tatu kwa ajili ya Utatu Mtakatifu. Si vioo vyembamba vya dirishani, ni mapande mazito yaliyogandishwa kwa gundi. Jua likitoka (Liverpool hiyo ni bahati), bluu inamwagika mpaka kwenye nyuso za watu.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Paa la kwanza lilivuja, ugomvi na msanifu ukafika kwa wanasheria, na miaka ya 1990 ikabidi yafanywe matengenezo makubwa.

Kuingia ni bure, sadaka ni hiari yako. Kanisa la chini ya ardhi lina kiingilio, nawe lipa bila kunung'unika: ni matofali matupu, kazi ya Edwin Lutyens, msanifu wa mpango wa awali kabla ya Gibberd, iliyoanza 1933. Alikusudia kuweka juu yake kuba kubwa kuliko la Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikano, vita na ukosefu wa fedha vikamkatiza.

Nyota nne. Ya tano naizuia mimi mwanakwaya wa besi: mwangwi ni mrefu mno, mahubiri ya padri niliyasikia nusu nusu. Kaa karibu na spika.