GITEX Dubai: walinipiga skani halafu wakanigeuzia kisogo

Kila msimu wa GITEX, yale maonyesho makubwa ya teknolojia ya Dubai, ukikaribia watu wananijaa inboksi, "bro GITEX inalipa?" "kaka nikate tiketi?" Sasa naandika hapa mara moja tu ili nisirudie rudie. Jibu fupi usiende. Jibu refu ni hili na litakuwa refu kweli maana bado nina hasira nao.

Sitaki kuwachosha na habari za maonyesho yenyewe, wote mnajua, yameanza 1981 huko, waandaaji wanajisifu wageni zaidi ya laki mbili na kampuni zaidi ya elfu sita, nilipoenda mimi yalikuwa bado World Trade Centre pale kwenye lile jengo lililochorwa kwenye noti ya karatasi ya dirham 100. Fikiria Sabasaba, ila yenye kiyoyozi, na badala ya kuchoma kuku wanachoma hela za wawekezaji.

Mi nauza vifaa vya madukani. Skana za barkodi, printa za risiti, droo za kuwekea hela, na zaidi ya kuuza natengeneza. Kinachoniumiza kichwa miaka yote sio printa, printa zimejaa Kariakoo, ni spea. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa fujo, adapta inaungua, hedi ya printa, kile kipande kinachochapa, inaanza kuacha mstari mweupe katikati ya risiti, mteja anakuja amefura anasema mashine yako mbovu. Hedi ingepatikana kirahisi ni kazi ya dakika kumi. Ila wasambazaji wetu wanataka ununue mashine nzima, hedi hawaleti, wakileta bei yake unaona bora ununue mpya. Ndo nikasema niende kwenye mzizi wenyewe, nikaongee na watengenezaji uso kwa uso. Nikafunga safari.

Sasa kuna kampuni moja, jina silitaji, ila ukiingia supamaketi yoyote kubwa mashine yao inaweza kuwa pale kaunta. Banda lao kubwa kama nyumba ya ghorofa, taa za bluu, kuna kochi, kuna mtu wa kahawa. Nikafika nimevaa vizuri, shati limenyooshwa, kadi zangu za biashara mfukoni, orodha ya spea nimeichapa kabisa na namba za modeli. Akaja kijana mmoja wa pale, suti imembana. Ile nimefungua mdomo tu nimsalimie, hajaangalia uso wangu, macho yakashuka moja kwa moja kifuani kwenye beji. Akanyanyua simu, piii, akaskani. Akasoma kioo. Nikaona kabisa sura inabadilika baada ya kusoma, yaani ule uso wa karibu mteja ukazima kama mtu kaminya swichi.

Akaniuliza, unataka vipande vingapi. Nikamwambia naanza na hedi mia mbili za modeli hizi hapa, tukielewana tunaendelea. Akacheka kidogo kwa pua. Akasema Afrika haishughulikiwi hapa, kuna wakala wenu huko kwenu. Nikamwambia wakala namjua, ndiye aliyenifanya nipande ndege. Hakusikia, au alisikia akapuuza, akanionyesha bango lenye ile alama ya kuskani, eti jaza fomu. Sawa. Nikachukua katalogi moja pale mezani ili angalau niondoke na kitu, jamani, yule kijana akaweka mkono juu ya katalogi, akaivuta taratibu kutoka mkononi mwangu, akairudisha kwenye rafu, akainyoosha ikae sawa na wenzake. Hizi ni za washirika tu, anasema. KATALOGI! Karatasi! Na nyuma yangu kuna jamaa kafika muda huo huo, kaskaniwa, kasomwa, kakalishwa kwenye kochi na kikombe juu.

Baada ya hapo kila kitu kikanichefua. Roboti anacheza muziki watu wamejazana wanarekodi, nikaona upuuzi. Kila banda limeandikwa AI, kamera ina AI, kiti kina AI, banda la watu wa makabati ya seva nalo AI. Maji chupa ndogo bei ya chupa kumi za nyumbani. Kumbi hazina mwisho, unatoka moja unaingia nyingine, ramani ya kwenye simu inakwambia geuka kulia kulia kwenyewe ukuta. Miguu ikawaka moto. Sitasema uongo, vyoo visafi na sehemu ya kuswali ipo nzuri, hilo nawapa. Ila jioni kutoka pale kwenda metro ni adhabu, watu wanazuiwa nje ya stesheni wanaingizwa kwa mafungu mafungu, umesimama na mabegi ya vipeperushi unatokwa jasho, na Oktoba ya Dubai msidanganyike bado ni joto.

Siku iliyofuata nilikuwa nimeshapanga nisirudi. Nikarudi kwa sababu tiketi nilishalipia, basi. Nikawa nazurura tu kwenye mabanda ya serikali za Ghuba, kule hakuna hata ninachouza, nafuata viti vya kukaa. Nikapita banda la Oman nimenuna, nasikia mtu nyuma yangu anasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mbona umevimba hivyo ndugu yangu, nani kakuudhi?"

Nikageuka. Mzee, kanzu nyeupe pee, kofia ya nakshi kama zile za kwetu pwani. Nikasema shikamoo bila kufikiri, akajibu marahaba kama tuko Darajani. Anasema kanisikia naongea na simu nikajulikana tu ni mtu wa Dar. Mama yake mzaliwa wa Wete, Pemba, yeye mwenyewe kakulia Maskati lakini nyumbani kwao Kiswahili hakijawahi kutoka. Akanivuta kiti. Akamimina kahawa kwenye kile kikombe kidogo kisicho na mkono, akasogeza sahani ya halua, akasema kula kwanza ndo unieleze. Na mimi kama mtoto nikamweleza yote, hedi, kijana, katalogi. Nilipofika kwenye katalogi alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaniambia, "Wewe spea za mashine umezifuata kwenye maonyesho? Huku watu wanauza majina. Toka uende Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, uliza mtaa wa kompyuta."

Nikaenda. Stesheni tatu tu za metro mpaka BurJuman, nikashuka hapo nikatembea. Maduka ya chini ya majengo, vichochoro, vijana wa Kihindi na wa Kipakistani wana boksi za vipuri mpaka darini. Nikatoa orodha yangu ile ile. Jamaa wa duka la kwanza hana, akampigia mwenzake, mwenzake akaja na mfuko wa nailoni, ndani hedi zimefungwa kwenye mifuko yake ya kuzuia chaji. Hakuniuliza beji. Aliniuliza unalipa keshi? Bei tukavutana na chai ya karaki mkononi, tukaelewana, na nambari yake ninayo mpaka leo, ananitumia mzigo kupitia watu wa kago wa Deira.

Kwa hiyo unaweza kusema GITEX imenilipa. Hapana, Bur Dubai imenilipa. Lakini yule mzee ningempata wapi kama sio mle ndani? Hapo ndo nabaki nabishana na nafsi yangu.

Na kitu kingine ambacho hawakwambii. Siku ya mwisho mchana, mabanda madogo yale ya kumbi za nyuma, hawataki kusafirisha sampuli kurudi makwao. Wanaanza kufungasha mapema wakati bado wageni wapo. Pita pale na keshi, ongea polepole, usiulize kwa sauti. Nilitoka na skana za mezani kwa bei ambayo nikiitaja washindani wangu wataniloga. Wale wadogo ndo watu, wanakueleza mpaka jinsi ya kuifungua na bisibisi gani.

Ila wale wa taa za bluu sasa! Wamenikataa mbele ya watu lakini skani waliipiga, si ndio? Basi barua pepe hazikauki. "Mshirika wetu mpendwa." Mshirika gani wakati katalogi mlininyang'anya! Najiondoa kwenye orodha yao wiki hii, wiki ijayo wamerudi na anwani nyingine. Juzi juzi wamenitumia katalogi ile ile, kurasa zote, rangi zote, bure kabisa kwa PDF. Nimeifungua. Ina mashine tu, ukurasa wa spea hakuna.

Nyota mbili. Yule mzee wa Oman peke yake tano, na halua sita. Sasa wametangaza kuanzia 2026 inahamia Expo City na mwezi ni Desemba badala ya Oktoba, kwa hiyo joto angalau limepungua, ila Expo City iko mwisho wa reli huko na sie tunalala Deira kwa sababu ya mizigo. Hoteli msimu huo zinapanda vibaya. Kama kuna mtu anaenda anicheki mapema tugawane chumba, mi nalala upande wa dirishani.