Muswada binafsi au hoja binafsi? Njia mbili za mbunge wa Ontario

Katika Bunge la Jimbo la Ontario, Kanada, mbunge asiye waziri anaweza kuwasilisha muswada binafsi au hoja binafsi. Muswada husomwa mara tatu, kwa kawaida hupitia kamati, kisha husubiri idhini ya Luteni Gavana, mwakilishi wa Mfalme katika jimbo. Mingi hukwama kwenye kamati na kufa bunge linapovunjwa. Tena hauruhusiwi kutoza kodi wala kutenga fedha za umma, na ndiyo maana ile inayofanikiwa mara nyingi ni ya maadhimisho, kama uliowasilishwa na Jagmeet Singh wa upinzani, ambao mwaka 2013 uliifanya Aprili kuwa Mwezi wa Urithi wa Masingasinga kisheria.

Hoja hujadiliwa na kupigiwa kura mara moja tu. Ile ya mbunge Harinder Malhi, iliyoyaita mauaji ya Masingasinga ya mwaka 1984 nchini India mauaji ya kimbari, ilipita Aprili 2017. Haikuwa sheria na haikuifunga serikali, lakini kwa maoni yangu, suala linapohitaji msimamo badala ya utekelezaji, hoja inatosha.