Ofa ya gemu: tazama GB kabla hujatazama bei

Sikukuu ya Mfunguo Tatu mwanangu alizunguka kwa mashangazi na majirani akakusanya pesa zake za sikukuu, akaniletea zote nimnunulie gemu ya kompyuta kwa kadi yangu. Ilikuwa imeshuka kutoka dola 60 hadi 15, na pembeni saa inahesabu muda wa ofa uliobaki. Nikalipa mbio mbio. Ikaanza kujipakua: GB 100. Bando langu la GB 10 lilikata roho gemu haijafika hata robo, na mtoto ananitazama kama mimi ndiye niliyekula pesa yake.

Kwa hiyo hapa sizungumzii uzuri wa picha wala hadithi ya gemu; hayo watoto wenu wanayajua kuliko mimi. Mimi nauliza uzito tu. Shuka mpaka chini ya ukurasa wa gemu, kwenye mahitaji ya kompyuta, utaikuta namba ya GB imejibanza huko. Stardew Valley haifiki hata GB 1. EA Sports FC 24 imeandikiwa GB 100. Ukizikuta zote mbili kwa dola saba usidhani bei ni moja. Ile ya pili utailipa tena kwa kampuni ya simu, na tena kila wakileta marekebisho.

Katika maduka ya gemu ya mtandaoni, namba moja kwangu ni GOG, na upendeleo sifichi. Tangu 2008 wanauza gemu zisizo na kufuli: unapakua faili la kusakinishia, linakuwa lako, hata intaneti ikikatika wiki nzima unacheza. Mdogo wangu ana intaneti nzuri Mjini. Anapakua usiku, anatia kwenye diski ya nje, asubuhi gemu inakuja kwetu kwa daladala ya Bububu. Nauli ya GB 40 ni nauli ya mtu mmoja! Tena ukijuta unarudishiwa pesa ndani ya siku 30 hata kama umeshacheza. Gemu mpya za mpira huzipati huko, basi.

Steam ni ya pili. Ofa kubwa zinakuja mwishoni mwa Juni na tena Disemba, na ukiingia tovuti ya SteamDB unaona gemu imewahi kushuka hadi wapi, kwa hiyo ile saa ya kuhesabu haikutishi. Pesa inarudi ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa mbili. Mimi niliomba, nikarudishiwa. Bando ndilo halikurudi.

Lakini na Steam nina langu moja. Shilingi yetu hawaijui. Afrika Kusini wana randi yao. Waturuki na Waargentina walipohamishiwa kwenye dola Novemba 2023, waliwekewa bei za dola za kundi la nchi za kanda yao, ambazo huwa chini. Sisi wa Unguja na Pemba tunatozwa dola ile ile ya Mmarekani, kana kwamba na mishahara tunalingana.

Duka la tatu ni Epic, wanatoa gemu ya bure kila wiki. Chukueni.

Wenye PS4, yaani PlayStation 4, nawaambia nunueni CD, maana ukiichoka unaiuza au unabadilishana na jirani. Ila msiamini kila CD. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, ile ya PS5, ndani ya diski mlikuwa na MB 70 hivi, mengine yote unapakua mwenyewe. Kadi za zawadi za PlayStation nazo ulizeni ni za nchi gani, kwani ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji akishapokea pesa hakujui tena.

Wiki iliyopita nilipita duka moja Darajani, CD imebandikwa "OFA", bei ya juu imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwezi uliotangulia niliiona pale pale kwa bei hiyo hiyo ya "ofa", bila ya kalamu. Nikamuuliza kijana, ndani yake mna GB ngapi? Akanijibu, "Dada, hii orijino." Nikauliza tena. Akaigeuza, akaitazama nyuma kama anayesoma tarehe ya maziwa, akanambia nirudi bosi wake akishatoka kuswali.