Foleni tulisimama, ila zamu haikuwa yetu: uzoefu wangu

Jamani naandika hii bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Mimi ni mtu wa rolakosta, yale magari ya relini yanayopanda na kushuka kwa kasi kwenye paki za michezo, toka nimefika Maryland huku Marekani, na kwa wengi wetu wa huku kwetu palikuwa Six Flags America, paki ya michezo pale kaunti ya Prince George's, ambayo ilifungwa Novemba 2, 2025. Kuna walioidharau eti ndogo, eti haina jipya. Sawa. Ila ilikuwa na Wild One, rolakosta ya mbao ya mwaka 1917, yaani hebu fikiria, 1917! Ilijengwa kwenye paki ya Paragon Park kule Massachusetts, ile paki ilipokufa ikang'olewa ikaletwa huku na 1986 ikaanza kukimbia tena. Ukiipanda mbao zinalia, mgongo wote unapata habari, unashuka unacheka na mtu ambaye hata humjui.

Sasa ilipofungwa ndo tukawa hatuna jinsi, ukitaka kupanda cha maana unaendesha gari masaa. Hivi karibuni nikamchukua mpwa wangu tukaenda paki moja kubwa, jina naliacha. Getini pasafi, vyoo vinang'aa, sina neno.

Shida ikaanza kwenye foleni ya ile rolakosta yao mpya. Karibu na pa kupandia njia mbili zinakutana, yetu na ya wale waliolipia kuruka foleni, na hapo kati kasimama kijana na mnyororo mkononi, anatuhesabu kama mbuzi mnadani. Anawafungulia wa kulipia kundi zima, anafunga, anapitisha wawili watatu wa kwetu, anafunga, anawafungulia tena wale wale. Kuna mama mmoja kavaa kofia ya njano nilimwona anapita, akapanda, akazunguka, akapita tena, na sisi tumeegemea nguzo ile ile, jua la utosini. Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, kwani sisi hatujalipa?" Nikamwambia tumelipa. Akaniangalia tu.

Ndo nikamuuliza yule kijana, kwa heshima kabisa, kaka hii zamu inaendaje mbona hatusogei? Bila hata kunitazama akasema kama una haraka ungenunua pasi, simu si unayo hapo, halafu akageuka kupiga stori na mwenzake wakacheka. Mbele ya mtoto! Mimi niliyelipa kiingilio, nikalipa parking, nikanunua maji kwa bei ambayo nyumbani unapata katoni nzima.

Haya, tumebakiza safu mbili tu, mashine ikagoma. Mambo ya mashine naelewa, sensa ikihisi kitu lazima wasimamishe, afadhali wasimamishe kuliko watuue. Lakini waliolipia wakapata ujumbe kwenye simu kwamba warudi saa yoyote watapita moja kwa moja, sisi tukaambiwa shukeni ngazi. Basi. Hakuna pole, hakuna karatasi ya kurudi nayo, masaa yote yale yamekwenda na maji.

Najua nitaambiwa mzee mambo yamebadilika. Najua! Disney kule Florida walileta FastPass, tiketi ya kuruka foleni, mwaka 1999, bure kwa kila mwenye tiketi, 2021 wakaiondoa wakaleta ya kulipia na watu wananunua. Na wala sisemi zamani mambo yalikuwa bure, 1971 walipofungua pale Florida kiingilio kilikuwa dola 3.50 halafu michezo unalipia kwa kuponi, kwahiyo hela imeanza kudaiwa zamani sana. Ila ukishatoa kuponi yako ulikuwa unasimama nyuma ya aliyekutangulia, awe tajiri awe nani. Sasa hivi wanachouza ni nafasi ya mwenzako, na mwenzako mwenyewe kasimama pale pale anaona. Vijana wanaokuja siku hizi hawashtuki, wana aplikesheni, wana ratiba, saa nne huku saa tano kule, kwao kusubiri ni ujinga. Mimi kwenye foleni ndo nilikojulia haya mambo yote, wazee wanakuhadithia rolakosta ambazo zilishabomolewa, kona gani ilikuwa inanyanyua watu kwenye kiti, ukae safu ipi. Leo foleni nzima imeinamia simu, ukimsemesha mtu anashtuka kama unataka kumuibia.

Ngoja niwe mkweli lakini. Jioni ikafunguliwa, tukarudi, tukapanda. Jamani ile kitu! Inashuka mpaka roho inabaki juu, halafu laini, haikutikisi hata kidogo, mpwa wangu amepiga kelele mpaka sauti ikakauka na mimi nimepiga kelele pamoja naye mtu mzima na ndevu zangu. Kwa dakika zile ningewapa nyota tano na pasi ya msimu ningenunua palepale.

Tukatokea njia ya pembeni, kijana yuko pale pale na mnyororo wake, kuna familia ya watu imesimama na mtoto mdogo mabegani, anawafungia tena. Hasira ikarudi yote. Rolakosta tano, paki nyota mbili, na mpaka wamwondoe yule kijana au wamfundishe kuongea na watu, hata hizo mbili naona nimewapendelea, wekeni moja.