Sportster 56K ya nje: kwa mwenye bajeti ya kubana, nunua hii

Haya ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi za intaneti ya kupiga simu. Nina ofisi ya kuchapa na fotokopi Magomeni, na siku hizi wateja wengi wanakuja kutuma barua pepe kwa ndugu walio nje. Simu tunalipia kwa muda, kwa hiyo modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, ikizubaa, pesa inayoondoka ni yangu. Ndiyo maana nimehama kutoka modemu ya 33.6, yaani kilobiti 33.6 kwa sekunde, kwenda US Robotics Sportster 56K ya nje, ile ya kukaa mezani. Ni mtumba, na nimeichukua kwa sababu ilikuja na adapta yake yenyewe. Usikubali kuuziwa modemu na adapta ya kubahatisha.

Dukani kulikuwa na modemu ya kadi, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta, mpya, bei chini kabisa. Sikuitaka. Kadi za aina hiyo nyingi hazina prosesa yao. Kazi yote inabebeshwa kompyuta. Ya rafiki yangu tuliijaribu kwenye Pentium 100 yangu: inashusha faili, ukifungua Word tu kipanya kinaganda, mara laini imekatika. Halafu ukitoka kwenye Windows haikusaidii kitu. Sportster inajitegemea. Taa ya RD ikipepesa najua data inaingia; ikitulia muda mrefu nakata simu mara moja, sisubiri kulipia kimya.

Ila 56 iliyoandikwa kwenye boksi isikutie tamaa. Hiyo ni kasi ya kushusha. Kupandisha kunabaki 33.6. Tena mtoa huduma wako lazima awe ameunganishwa kidijitali na mtambo wa simu, na simu yako isipite switibodi ya ofisi. Yangu ni laini ya moja kwa moja, na ninapata biti 44,000 kwa sekunde, usiku hufika 45,333. Faili ya megabaiti 1 iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika 4 sasa ni dakika 3 na ushee. Kwangu hilo ni badiliko kubwa.

Kabla hujalipa, muulize mtoa huduma anatumia mfumo gani wa 56K. Kabla ya V.90, kanuni moja ya 56K kwa modemu zote, kukubaliwa mwaka 1998 kulikuwa na x2 ya US Robotics na K56flex ya Rockwell na Lucent, na hizo mbili hazielewani: zikikutana mnaishia 33.6. Sportster nyingi za x2 zinaweza kuwekewa programu ya V.90, lakini hakikisha imo kwenye hiyo unayouziwa.

Kama kompyuta yako ni ya zamani, ya prosesa ya 486, fungua MSD, programu ya kukagua kompyuta kwenye DOS, uangalie chipu ya tundu la seriali, pale modemu inapochomekwa. Ukikuta 8250 au 16450, modemu ya kasi itakuwa inapoteza data, kwa kuwa chipu hizo zinahifadhi baiti moja tu kwa wakati. Unataka 16550, yenye nafasi ya baiti 16.

Na kama laini yako ina mikwaruzo hata ukiongea na mtu, 56K haitakufaa. Tafuta 33.6 ya nje ya mtumba, chenji inayobaki badilishia waya wa simu wa ndani ya nyumba. Masika ikianza chomoa huo waya ukutani kila ukifunga ofisi, usiishie kuzima umeme, maana radi hupita kwenye laini ya simu pia.