Pindua Kwanza: Uzoefu Wangu wa Kuchakura Vya Kale Unguja

Mchuuzi alitaja elfu tano. Nikaipindua ile sahani, nikamwona nyuma yake mnyama mwenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, amejilaza karibu na jina Petrus Regout, na hapo hapo pameandikwa Maastricht. Mikono ikaanza kunitetemeka. Nikairudisha chini taratibu, nikajifanya naangalia birika la plastiki lililokatika mdomo.

"Ami, hii ina ufa," nikamwambia baada ya muda.

"Huo si ufa, mwanangu. Huo ni umri."

Nikampa elfu nne, nikaondoka kwa haraka asije akabadili nia. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, pembezoni mwa soko la Darajani, kwenye turubai lililotandikwa chini, baina ya chaja za simu na viatu vilivyopotezana na wenzao. Tangu hapo kila Jumamosi isiyo na harusi (na Unguja Jumamosi hizo ni za kuhesabu) mimi na shoga yangu tunatoka asubuhi kwenda kuchakura. Nasema kuchakura, kama kuku, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya hasa. Hela nilizozipoteza kwa kujifunza ni nyingi, basi na wengine wafaidike.

Kanuni yangu ni moja: pindua kwanza. Najua neno hilo kwetu lina uzito wake, na kila Januari lina sikukuu yake, lakini mimi nazungumzia sahani, saa, madele ya kahawa, hata mashati. Sahani ile kwa mbele ilikuwa na maua mekundu kama sahani elfu nyengine. Habari zote zilikuwa mgongoni. Regout alianza kufinyanga vyombo Maastricht, Uholanzi, katika miaka ya 1830. Alama ya Sphinx, yule mnyama niliyemwona nyuma ya sahani, ilikuja baadaye, na mwaka 1899 kiwanda chenyewe kikaitwa kwa jina la mnyama huyo. Bakuli na sahani za Maastricht zilisafiri sana, mpaka pwani yetu hii. Waliowahi kuingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe wanazikumbuka zidaka, vile vijidirisha vya ukutani visivyotokea nje, vilivyopangwa vyombo vya kigeni ambavyo hakuna mtoto aliyethubutu kuvigusa. Sahani zenyewe zilitoka humo. Nyumba zikiuzwa, warithi wakigawana, wengine wakihama, vyombo huteremka ngazi kimoja kimoja, mwisho vinafika kwenye turubai.

Kuna alama nyengine zinazosaidia. Chombo kikiandikwa nchi kilikotoka, mara nyingi si cha kabla ya 1891, kwa sababu mwaka huo Marekani ilianza kudai bidhaa zote zinazoingia kwake zitaje nchi zao, na viwanda vingi vikafuata. Kikombe chenye neno Nippon ni mzee kuliko chenye neno Japan. Marekani waliacha kulikubali neno la kwanza mwaka 1921. Na ukikuta "Occupied Japan", usiulize bei mara mbili: hicho kimetengenezwa baina ya 1945 na 1952, Wajapani walipokuwa chini ya majeshi yaliyowashinda vitani.

Kinachonifurahisha zaidi, lakini, si vya mbali sana. Mimi naishi Kikwajuni, katika zile fleti zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Siku moja, ndani ya boksi la nyaya na rimoti mbovu, nikapata saa ndogo ya mezani ya kutia ufunguo. Nikaipindua. "Made in GDR." Nchi iliyoijenga nyumba ninayolala, na ambayo haipo tena tangu 1990, ilikuwa imekaa kiganjani mwangu kwa shilingi elfu tatu. Saa haitembei. Fundi mmoja aliniambia springi imekufa, mwengine akasema haijafa ila imechoka. Nimeiweka dirishani hivyo hivyo, inaonyesha saa nne kasoro robo, na mara mbili kwa siku huwa kweli.

Sasa mitumba ya nguo, maana huko ndiko wengi wanakoanza. Wazee wetu waliziita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba mwenye shati keshatangulia mbele ya haki. Ziliingia kwa wingi biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, na mpaka leo robota, lile furushi kubwa la mitumba, likifunguliwa watu wanalizunguka kama samaki wa mnadani. Ushauri wangu: usiende siku yoyote tu. Muulize muuzaji lini anafungua robota jipya, umwachie namba yako, na ufike kabla ya saa mbili asubuhi, jua halijashika. Saa tano yamebaki makapi, na muuzaji mwenyewe keshachoka, hataki tena maskhara.

Humo pia tunapindua. Shingo ya shati ndiyo pasipoti yake. Nimewahi kupata shati la pamba nzito lenye kitambulisho cha Ujerumani Magharibi, kwa hiyo ni la kabla ya nchi zile mbili kuungana, kwenye fungu la elfu mbili mbili, na vifungo vyote vipo. Fulana za Kimarekani ukiangalia pindo la mkono na la chini, ukaona mshono wa uzi mmoja badala ya miwili sambamba, kuna uwezekano mkubwa ni za kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Shoga yangu yeye ana maradhi ya Levi's. Kasoma mahali kwamba kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu, na E yake kubwa, mpaka 1971, kisha ikawa e ndogo. Basi kila jinzi anaigeuza makalio. Hajaipata hata moja, wala sidhani kama ataipata, ila imani haijamtoka. Wauzaji wa soko la Kwerekwe wamemzoea, wakimwona tu wanamwambia, "Dada, leo hamna E."

Ubaya wa mitumba mimi sitauficha. Harufu ya robota inaingia mpaka kooni. Joto. Kusukumana. Mara mbili nimenunua blauzi nikafika nyumbani nikakuta kwapa limeoza, kwa sababu nilipindua shingo nikasahau kwapa. Na tangu Darajani ijengwe upya wachuuzi wengi wamehamahama. Unaweza kwenda pale ulipomzoea mtu ukakuta duka la vioo na kiyoyozi. Huwa nasimama kwenye lile jengo la Marikiti la 1904 kuulizia, na wauza viungo ndio wanaojua nani kahamia wapi.

Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, yale ya upande wa Gizenga na Hurumzi, ni habari nyengine kabisa. Huko kuna feni, kuna taa nzuri, kuna mtu anayekukaribisha kwa Kiitaliano kabla hajakutazama usoni. Ukimjibu kwa Kiunguja anacheka, na bei inashuka kidogo, si sana. Vitu halali vipo, siwezi kusema havipo. Lakini huko ndiko nilikoliwa.

Lilikuwa dele la kahawa la shaba, lenye ule mdomo uliopinda kama wa kasuku, jeusi kwa ukongwe, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Duka silitaji. Muuzaji aliniambia ni la Oman, lina miaka mia na ushei. Nikalipindua, kanuni yangu si naijua, nikaona na chini kuna weusi ule ule, nikaridhika. Elfu themanini. Nyumbani mama akalitazama, hakusema neno, akachukua ndimu na majivu. Ndani ya dakika tano dele liling'ara kama la jana, na kwa kweli lilikuwa la jana. "Weusi wa kupakwa huu," akasema. "Dele lililopikiwa linakuwa jeusi kitakoni palipokaa moto, na linang'aa mkononi paliposhikwa. Hili lina weusi kila mahali sawasawa, kama mtu aliyejipaka wanja mwili mzima." Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia nimelifungua mwenyewe nikachungulia.

Tangu hapo nikijua kupindua najua pia kutafuta palipolika. Mkono wa binadamu una tabia zake. Kasha la kweli, lile la misumari ya shaba, limelika pale kifuniko kinaponyanyuliwa, si kwenye pembe zisizoguswa na mtu, na ukivuta droo zake za siri utaona mbao za chini zimesuguana miaka hata zikalainika. Likinuka vanishi ndani, mshukuru mwenye duka, uondoke.

Fedha za zamani ndizo zenye vituko zaidi. Utaonyeshwa riyali kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene, nayo ni Maria Theresa wa Austria, na utaambiwa kwa sauti ya chini: "Angalia mwaka, dada. 1780!" Ni kweli imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780. Malkia alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani hizi waliiamini sarafu ile, watu waliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule, Vienna na miji mengine, mpaka kizazi chetu. Inaweza kuwa ya babu wa babu yako au ya mwaka uliozaliwa wewe. Kwa hiyo hapo kupindua hakusaidii kitu. Muuzaji aliponiomba laki moja na nusu nilimwambia hivyo kwa adabu, akanitazama kama niliyemtukania mama.

Ninazozipenda mimi ni zile pesa nyekundu za shaba za Seyyid Barghash. Upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande mwengine mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hizi bado zinapatikana, si adimu, na bei yake haiumizi. Nimepata tatu kwa elfu kumi. Mizani imekaribia kufutika kwenye moja yao. Naishika nikiwa kwenye foleni ya benki.

Kama mnataka nitoe nyota: turubai za chini nazipa tano, pamoja na jua. Mitumba ya nguo nne. Maduka ya kale mbili na nusu, hiyo nusu kwa ajili ya feni.

Lakini siku bora kuliko zote haikuwa kwenye turubai wala dukani. Mwaka jana jirani aliniambia kuna bi mkubwa mmoja, mitaa ya Kiponda, anahamia kwa mwanawe Fuoni na anauza vyombo. Tukaenda mimi na shoga yangu, tukapanda ngazi zile za mawe zilizosimama kama ukuta. Shikamoo, marahaba, tukakaa, tukanyweshwa kahawa na halua kabla ya neno lolote la biashara. Kisha akatuletea kikapu. Sahani sita za maua, kila moja imefungwa tambara. Nilizipindua. Sphinx, Sphinx, Sphinx. Nilitaka kulia.

Hapo shoga yangu akanikanyaga mguu. Alikuwa hatazami sahani, anatazama matambara. Nikalikunjua moja. Ilikuwa kanga, nyembamba kwa kuoshwa, rangi zimebakia kama kivuli, na kwenye pindo jina lake, yaani ule msemo wa kanga, limeandikwa kwa hati za Kiarabu, si kwa hizi tulizosomea skuli. Kanga za namna hiyo ni za zamani za bibi zetu. Mtu anayezijua angetoa zaidi kwa tambara lile kuliko kwa sahani zote sita.

Nilikaa kimya kwa muda. Ningeweza kusema "tutazichukua na vifungio vyake", na angenipa bila ya kuuliza. Nilimwambia, "Bibi, hii si tambara. Hii ina thamani. Usiitoe bure."

"Hili? Hili la kudekia, mwanangu."

Akalichukua, akalisogeza dirishani kwenye mwanga. Yeye kasoma chuoni, chuo cha Kurani, hati zile anazisoma kama mimi ninavyosoma simu. Upande mmoja kitambaa kilikuwa kimechanika na nusu ya maneno imekwenda. Akapitisha kidole toka kulia, polepole, midomo ikicheza.

"...ndiye rafiki," akasoma. Akarudia. Kisha akataja mwanzo wake uliokosekana, akufaaye kwa dhiki, bila ya kuangalia kitambaa, akatikisa kichwa. "Ya mama hii. Hii alivaa siku niliyoolewa, mimi nimekaa humo ndani nasikia ngoma." Akaanza kufungua na sahani nyengine, moja baada ya moja, akitafuta kipande kilichobaki.

Hakukipata. Lakini lile lenye maandishi alilikunja mara nne, akalitia kifuani ndani ya kanzu yake, akatuuzia sahani kwa bei aliyokwisha kuitaja, hakuongeza hata shilingi. Akamwita mjukuu wake alete gazeti la kuzifungia.